Papa aliuliza, na sisi wenye diplome hatukuwa na jibu

Wandugu, vijana wenzetu wa Lubumbashi, Likasi, Kolwezi na kwingine,

Mwezi uliopita tulikuwa na mkutano wa kata pale Katuba, juu ya delestaji. Munajua namna mikutano ile inaendaka: kila mtu analeta hasira yake, mmoja friji yake imeungua, mwingine saluni yake imefungwa siku tatu, na saa inapita. Karibu na mwisho papa mmoja akasimama kule nyuma. Alitumika ku laini za umeme zaidi ya miaka 20, leo amepumzika. Hakuuliza juu ya bei wala juu ya saa za kukata. Aliuliza kama ile nguvu ya sumaku inayozunguka waya inakula watu ama haiwakuli. Wenzake wawili wa ekipi yake walikufa kansa. Mjane wa mmoja anasema ni waya ilimkula. Kampuni walikotumika haikuwahi kusema kitu, si ndiyo, si hapana.

Mbele pale tulikuwa tumekaa watu sita, na watatu kati yetu tuko na diplome ya inivasiti mu mambo ya umeme. Hizo diplome ziko nyumbani ndani ya plastiki, zinangoja kazi. Papa alituangalia sisi, si wengine. Hatukuwa na jibu, na tuliona haya.

Tuseme ukweli. Kesho yake tulikuwa tayari kuandika tangazo kali. Sentensi ya kwanza ilikuwa imeshakatwa: waya zinaua watumikaji na wakubwa wananyamaza. Ni sentensi ya kupendeza, ingezunguka ku simu zote kabla ya jioni. Kisha tukakaa kusoma, tukahesabu, tukauliza watu wa kazi, na wiki tatu zikapita. Ile sentensi ikatushinda kuandika. Tulichokiona si kidogo kuliko ile, lakini ni kitu kingine, na tunaomba mukisome mpaka chini.

Tuanze na sumaku yenyewe. Waya ikipitisha umeme, inazaa nguvu ya sumaku kuizunguka. Haionekani, hainuki, haichomi. Waya ikiwa kimya, hakuna mzigo unaopita, hiyo nguvu haiko. Inafuata kiasi cha umeme kinachotembea, yaani ampere, na inapungua ukienda mbali. Haifuati volti. Hapa njo watu wengi wanakosea, na sisi pia tulikuwa tunakosea: tukiona laini kubwa ya 220.000 volti tunaogopa, tukiona kabini ya kata tunaegemeza mgongo ku mlango wake tukiongea na simu.

Kipimo chake kinaitwa mikrotesla. Hesabu si ngumu. Kwa waya moja iliyonyooka, chukua ampere, zidisha kwa 0,2, gawanya kwa umbali wa mita. Waya yenye ampere 100, ukiwa mita 1 kutoka kwake, inakupa mikrotesla 20. Ukienda mita 10, inabaki 2. Ukisogeza mkono sentimita 10, inapanda mpaka 200. Kwa kulinganisha, dunia yenyewe iko na sumaku yake, ile inayogeuza dira, na kwetu huku ni karibu mikrotesla 30. Lakini ile ya dunia imetulia, haichezi. Ya waya zetu inageuka upande huu na upande ule mara 50 kila sekunde, na ile inayogeuka njo inayoweza kusukuma umeme mdogo ndani ya mwili wa mtu.

Sasa mutazame vizuri. Laini ya 220.000 volti inayobeba megawati 100 iko na ampere karibu 260 kwa kila waya. Mtu anayepita chini yake yuko mbali na waya mita kumi na kitu, na zile waya tatu zinapunguzana nguvu zenyewe kwa zenyewe. Anapata mikrotesla chache. Haya, twende mu kabini. Transfo ya 630 kVA, moja ya zile zinazolisha kata, upande wake wa 400 volti ikijaa inatoa ampere 900 na zaidi. Mtumikaji anafungua tablo, kichwa na mikono yake viko sentimita 20 ama 30 kutoka kwa zile baa za shaba. Hesabu ya baa moja kwa sentimita 20 inatupa karibu mikrotesla 900. Baa tatu pamoja zinapunguzana, kwa hiyo ndani kabisa itakuwa chini ya hapo, lakini itabaki mamia mara nyingi ya ile ya chini ya laini kubwa. Na transfo za miji yetu, nani hajui namna zinavyobebeshwa mizigo kupita kipimo chao? Kabini ambayo kata inaipigia makelele kila siku njo mahali mtumikaji anapata sumaku nyingi kupita, na hakuna anayepiga foto pale.

Kuko kitu cha pembeni tuseme, juu watu wa Kolwezi wataturudishia neno. Ile laini kubwa inayotoka Inga mpaka Kolwezi, kilomita karibu 1.700, volti 500.000, iliyowashwa mwanzo wa miaka ya 1980, haiko kama zingine. Umeme wake hauchezi mara 50, unatembea upande mmoja tu, na unageuzwa pale Kolwezi kabla ya kwenda ku madini. Sumaku yake imetulia kama ile ya dunia, na chini ya laini haipiti ile ya dunia. Kwa hiyo ndugu anayelima chini ya zile nguzo hana sababu ya kuogopa sumaku yao. Iko na sababu nyingine ya kukasirika, na hiyo tumeshaiandika mara nyingi: umeme unapita juu ya kichwa chake unaenda kuyeyusha shaba, yeye anawasha mshumaa. Katika inchi yetu ni mtu mmoja kwa watano tu anayepata umeme, na kifungu cha 48 cha Katiba kinatuahidi wote.

Turudi ku papa. Je, mikrotesla 900 ni mingi? Kuko shirika la wataalamu wa inchi mbalimbali, ICNIRP, linaloweka mipaka. Mwaka 1998 lilisema mtumikaji asipite mikrotesla 500, na raia wa kawaida 100. Mwaka 2010 likapandisha: 1.000 kwa mtumikaji, 200 kwa raia. Ulaya waliweka sheria yao mwaka 2013, na hapo mikrotesla 1.000 njo kipimo cha kwanza kinachomlazimisha bwana wa kazi kuchukua hatua. Mtumikaji wa kabini anaweza kuwa chini ya mpaka, anaweza kuukaribia, anaweza kuupita siku ya mzigo mzito akiingiza kichwa pabaya. Mtu aliye na kifaa cha moyo ndani ya kifua asifike pale kabisa kabla ya daktari kumruhusu. Kwa wengine, jibu linatoka ku chombo cha kupimia, na chombo hakijaletwa.

Lakini mushike jambo moja, juu wakubwa watalitumia vibaya. Mipaka ile iliwekwa kwa ajili ya madhara ya papo hapo: mishipa inayoshtuka, macho yanayoona mwanga ambao hauko. Haikuwekwa kwa ajili ya kansa. Kwa hiyo mtu akija kutuambia tuko chini ya mpaka, basi kansa haiko, anachanganya vitu viwili.

Na kansa yenyewe? Mwaka 1979, kule Denver, Marekani, watafiti wawili, Nancy Wertheimer na Ed Leeper, waliandika kwamba watoto waliokufa kansa walikuwa wanaishi mara nyingi karibu na waya zenye umeme mwingi. Toka pale wataalamu hawakunyamaza. Mwaka 2002 kituo cha utafiti wa kansa cha Shirika la Afya Duniani, kilicho Lyon, Ufaransa, kiliweka sumaku ya umeme wa kucheza katika kundi 2B, maana yake: inawezekana inaleta kansa kwa watu. Sababu ilikuwa kansa ya damu ya watoto, katika nyumba zenye wastani wa kupita mikrotesla 0,3 ama 0,4, usiku na mchana. Hawakupata njia ya kueleza namna sumaku ndogo vile inaweza kugeuza chembe ya mwili. Njo maana waliandika "inawezekana" na si "ni hakika". Kwa kulinganisha tu, pombe iko kundi la 1, lile la hakika, na hiyo ni pamoja na lutuku ya kona yenu. Makundi haya yanapima namna wanavyohakikisha, hayapimi ukali wa kitu.

Juu ya watumikaji wenyewe, kuko tafiti mbili kubwa tulizozisoma kwa makini. Moja ilitoka mwaka 1994, ikiongozwa na Gilles Thériault wa Kanada, juu ya wanaume zaidi ya 223.000 wa makampuni ya umeme ya Ufaransa, Québec na Ontario. Waliona aina moja ya kansa ya damu ikipanda kidogo kwa wale waliopata sumaku nyingi, lakini haikupanda sawasawa na kipimo, vile tungengojea kama sumaku njo muuaji. Ya pili ilitoka mwaka 1995, ya David Savitz na Dana Loomis, juu ya wanaume karibu 139.000 wa makampuni matano ya Marekani. Hao hawakuona uhusiano na kansa ya damu. Waliona kidogo kwa kansa ya ubongo. Mmoja anasema damu, mwingine anasema hapana, labda ubongo. Kuko pia ule ugonjwa wa mishipa unaomlegeza mtu pole pole mpaka pumzi inakatika. Tafiti kadhaa zimeuona zaidi kwa watu wa kazi za umeme, lakini hawajatenganisha kama ni sumaku ama ni mishtuko ya umeme waliyoipata miaka na miaka. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilipitia haya yote tena. Halikusema waya ziko salama kabisa, halikusema zinaua. Lilisema ushahidi juu ya watu wazima hautoshi, na kwamba kupunguza pale inapowezekana bila gharama kubwa ni jambo la akili.

Basi papa, jibu letu ni hili, na tumekuja nyumbani kwako kukuambia kabla ya kuandika hapa: hatuna haki ya kumwambia yule mama kwamba waya ilimuua bwana yake. Hatuna ushahidi. Lakini na wale waliomtumikisha hawana haki ya kumwambia kwamba haikumuua. Hawakupima kitu mu kabini alimotumika. Hawakuandika alitumika saa ngapi, wapi, akiwa karibu na nini. Wale wanaume 223.000 wa Kanada na Ufaransa tunaweza kuongea juu yao juu walikuwa wameandikwa, kazi yao ilikuwa inajulikana, na sumaku ya mahali pao ilipimwa. Wewe haukuandikwa. Miaka 20 ya mwili wako haiko ku karatasi yoyote. Mama aliangalia chini muda mrefu, kisha akatuuliza kama ametukosea kwa kusema vile alivyosema. Hapana mama. Hukukosea. Ulijaza mahali walipoacha wazi.

Pale pale njo tulijifunza kitu ambacho kimegeuza hili tangazo lote. Papa alipoona tumemaliza na kansa, alituuliza kama tunajua sumaku inayoua siku hiyo hiyo. Sisi wa diplome tukanyamaza tena, mara ya pili mu mwezi mmoja.

Ni hivi. Laini mbili zinapita sambamba, ku nguzo moja ama karibu karibu. Moja wameikata ili ekipi itengeneze. Nyingine inabaki na umeme, juu madini hayangoji. Ekipi inapanda ikijua waya yao imekufa. Lakini sumaku ya laini ya pili inageuka mara 50 kila sekunde na kuivuka ile waya iliyokufa, kilomita nyingi, na kuzaa umeme ndani yake. Hesabu yake iko mu kitabu cha mwaka wa kwanza, tuliifanyia mtihani na tukapata pointi nzuri. Waya iliyokufa haikufa. Mtu anaishika akiwa amegusa chuma cha nguzo, umeme unapita ndani yake kwenda chini, na wenzake wanabaki kushangaa, juu walikata wenyewe, funguo iko mu mfuko wa shefu.

Dawa ya hiyo inajulikana tangu babu zetu. Baada ya kukata, unafunga ili mtu asiwashe. Unapima kwa kile kifimbo cha kuonyesha umeme kama kweli hauko. Kisha unaunganisha waya zote pamoja na kuzishusha udongoni kwa kebo nene, na si upande mmoja tu: unafanya pande mbili za mahali unapotumika, yaani ekipi inabaki katikati. Ni kebo, vibano na chuma cha kupigilia udongoni. Papa alituambia kwamba katika ekipi zake za mwisho kuko siku walikuwa na seti moja tu ya kebo, wanaiweka upande mmoja, upande wa pili wanamwachia Mungu. Glovu za mpira zilikuwa zinazunguka kwa watu watatu, na glovu ya mpira ikitoboka tundu dogo kama la sindano si glovu tena.

Na kuko muuaji mwingine, huyu tunamfuga sisi wenyewe. Wandugu, hapa tunawasema ninyi, na tunajisema. Delestaji ikianza, munawasha grupu. Wengi wanaichomeka moja kwa moja mu prize ya nyumba bila kukata disjonkteri, bila kile kifaa cha kugeuza kati ya laini ya nje na grupu. Umeme wenu unatoka nje, unarudi ku transfo ya kata kwa nyuma. Transfo haijui mbele na nyuma. Ile inayoshusha maelfu ya volti kuwa 400, ukiipa 400 kwa nyuma, inayapandisha tena kuwa maelfu. Juu kule kuko mtu amekaa ku poto, anatengeneza waya ili ninyi mupate umeme. Tumeuliza wanne wanaotumika leo, na wote wanne walituambia kwamba wanaogopa grupu za raia kuliko mvua. Sisi wenyewe, mu biro yetu ndogo, grupu ilikuwa imechomekwa vile. Tumeitoa siku ile ile, na siku mbili tulikaa bila mwanga mpaka tukapata pesa ya kile kifaa.

Munakumbuka tarehe 2 Februari 2022, soko la Matadi Kibala, Kinshasa. Waya ya volti nyingi ilikatika, ikaangukia mahali maji ya mvua yalikuwa yamejaa, na watu 26 wakafa, wengi wao wamama waliokuwa wanauza. Inchi nzima ililia. Mtumikaji akianguka peke yake kutoka ku poto mu kata, inchi hailii. Wanakuja na gari, wanamchukua, na jioni umeme unarudi, watu wanapiga makofi kama kawaida umeme ukirudi.

Kuko sababu haya yanatugusa sisi vijana zaidi ya wengine. Wanaopanda leo wengi si wale wa mkataba. Ni jurnalie. Kampuni kubwa inapa kazi kwa kampuni ndogo, kampuni ndogo inachukua vijana asubuhi ku barabara, jioni inawalipa mkononi, na jina halijaandikwa popote. Akipona, anarudi kesho. Akianguka, hakuwahi kuwa pale. CNSS iko na sehemu ya ajali na magonjwa ya kazi, sheria yake ni ya mwaka 2016, lakini CNSS inalipa mtu aliyetangazwa. Mmoja wa wale watatu wenye diplome, tunayekaa naye hapa tukiandika, aliitwa mwaka jana kwa kazi ya namna ile. Anajua hesabu zote tulizoandika hapo juu. Alipewa kofia ya plastiki ya kazi za ujenzi na mkanda ambao ulikuwa umeshonwa tena kwa uzi. Alipanda. Siku tano. Tulimuuliza juu ya nini alikubali, na alitujibu kwamba kodi ya nyumba haisomi vitabu.

Hatumlaumu. Tunasema tu kwamba ile siasa ya kutuacha miaka bila kazi njo inayowapa watu ujasiri wa kutupandisha bila kebo. Mtu mwenye chaguo angeshuka.

Sheria iko. Sheria ya kazi namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamlazimisha bwana wa kazi kulinda afya na usalama wa watumikaji na kuwazuilia ajali na magonjwa ya kazi. Haikusema isipokuwa jurnalie, wala haikusema isipokuwa kitu kisichoonekana kwa macho. Kisha sheria 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014 ilifungua mlango wa umeme kwa makampuni ya binafsi, na leo walio na laini na kabini ni wengi: SNEL, makampuni ya madini, na wadogo wao wanaopewa vipande vya kazi. Kila mmoja akiulizwa anamwonyesha mwenzake kwa kidole.

Njo maana barua yetu haiendi kwa mmoja. Inaenda kwa inspekta wa kazi wa Haut-Katanga na wa Lualaba, na kopi kwa wote walio na laini. Tunaomba waende na chombo cha kupimia mu kabini na mu stesheni, saa ya jioni mzigo ukiwa juu, si saa nne ya asubuhi kata ikiwa imekatwa. Namba zibandikwe ku mlango, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, na mstari wa rangi uchorwe chini kuonyesha mahali pa kutosimama bila sababu. Kila anayetumika karibu na umeme, wa mkataba na jurnalie, aandikwe: jina, mahali, siku. Miaka 20 ikipita, mjane wake akute karatasi. Na ekipi isipande kama haina seti mbili za kebo za udongo, kifimbo cha kupimia na glovu za kila mtu zake. Hii ya mwisho haingoji utafiti wa Lyon wala wa mahali popote.

Watatuambia chombo ni ghali. Chombo rahisi cha kupima sumaku ya 50, kinachosoma pande zote tatu, hakifiki bei ya simu ambazo tunaziona mikononi mwa wakubwa mu mikutano.

Na tukiwa hapo, tafadhali, muache kututumia zile picha za programu za simu. Tumepokea nyingi tangu ule mkutano: mtu anasimama chini ya laini, simu inaandika 48, anaandika "tumekwisha". Simu yako iko na dira ndani, imetengenezwa kusoma sumaku ya dunia iliyotulia. Haiwezi kufuata vizuri ile inayogeuka mara 50 kila sekunde. Ile 48 ni dunia, na labda chuma cha nguzo, na labda spika ya simu yenyewe. Tukipeleka namba kama zile kwa inspekta, watatucheka, na watakuwa na haki, na kebo ya pili haitaletwa.

Wewe unayepanda ku poto ama unayefungua kabini, wa leo ama wa zamani, utuandikie ama upite ku biro. Utuambie ekipi yako iko na seti ngapi za kebo na ulitumika wapi, miaka gani. Jina lako linabaki kwetu, haliendi mu barua. Barua itapelekwa Jumatatu ya pili ya mwezi unaokuja, na papa wa Katuba amesema yeye njo ataibeba.